Aikoni zilizojaa pembeni ya saa: maswali ninayoulizwa na wenye kompyuta za zamani

Kompyuta nyingi zinazofika mezani kwangu bado zinatumia Windows XP au Windows 7. Ni za steshenari, za shule, za ofisi ndogo, na nyingine za watu waliozinunua mitumba wakazitunza vizuri miaka nenda rudi. Lalamiko huwa lile lile: "Fundi, mashine imekuwa nzito." Kabla sijashika bisibisi, hutazama kwanza kona ya chini kulia, pale penye saa. Nikikuta picha ndogo ndogo kumi na tano zimebanana pale, najua kazi inaanzia wapi.

Maelezo haya ni ya XP na Windows 7. Majina ya vitufe nimeyaacha kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo utakavyoyakuta kwenye skrini.

Hizo picha ndogo ni kitu gani hasa?

Ni aikoni za programu zinazofanya kazi chinichini bila kufungua dirisha. Mahali zinapokaa huitwa eneo la arifa, na palikuja na Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995. Nia ilikuwa njema: uone saa, sauti, na mambo yanayoendelea, kwa mfano printa ikiwa inachapa. Lakini watengenezaji wa programu waliliona eneo hilo, kila mmoja akataka aweke kibao chake: programu ya printa, ya muziki, ya kusoma PDF, na hata programu ambayo kazi yake ni kuulizia kama programu nyingine ina toleo jipya. Mashine ikikaa miaka minane mikononi mwa watu wanne, kona inajaa.

Shika hilo neno kibao. Aikoni ni kibao cha duka, na duka lenyewe ni programu iliyomo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanatoka hapo.

Zinaipa kompyuta uzito kweli, au ni kero ya macho tu?

Kibao hakina uzito wa kutaja. Duka ndilo linalokula, tena linaanza kula dakika ile ile unapowasha mashine, wakati Windows nayo inahangaika kujipanga.

Microsoft ilitaja RAM (ndiyo hiyo kumbukumbu) ya 64MB kuwa kiwango cha chini cha XP na ikapendekeza 128MB. Windows 7 ya biti 32 inataka 1GB, ya biti 64 inataka 2GB. Hesabu hiyo ni ya mfumo wenyewe tu, hujafungua antivairasi wala faili lako la kwanza. Kwenye mashine mpya yenye RAM ya 8GB, programu kumi za chinichini hazisikiki. Kwenye mashine ya 512MB, unazisikia kila unapobofya.

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea kompyuta ya mezani ya XP yenye RAM hiyo ya 512MB. Akishaiwasha, alikuwa anaweka chai jikoni, anarudi na kikombe, ndipo anaweza kufungua faili la mitihani. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka, nikamwonyesha chini kabisa palipoandikwa "Commit Charge". Ilikuwa imepita 700M, na hakuna alichofungua.

"Yaani inatumia kuliko iliyo nayo?"

"Ndiyo, mwalimu. Kinachozidi inakiandika kwenye diski, na diski ina mwendo mdogo. Ndiyo maana hiyo taa nyekundu haipumziki."

Tulizima programu tisa kwa utaratibu nitakaoueleza. Mashine ilipowaka tena, taa ilitulia kabla hajamaliza kunisimulia habari za wanafunzi wake. Hakununua kifaa chochote.

Nimeona sehemu ya kuzificha. Nikificha si nimemaliza?

Hapana. Kuficha ni kufunika kibao kwa kitambaa, wauzaji wakiwa bado ndani.

Kwenye XP, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya upau wa chini, chagua "Properties", weka tiki kwenye "Hide inactive icons", kisha "Customize". Kila aikoni utaipa moja kati ya hali tatu: ifichwe isipotumika, ifichwe daima, au ionekane daima. Kwenye Windows 7, bofya kishale kidogo kilicho karibu na saa, kisha "Customize", uchague kuonyesha aikoni na arifa zake, kuficha vyote, au kuonyesha arifa tu.

Njia hii inafaa kwa programu unayoihitaji ila hupendi kuiona. Aikoni ya antivairasi, kwa mfano, unaweza kuificha bila dhambi yoyote. Kwa programu usiyoihitaji, kuficha kunakudhuru, maana unasahau kwamba ipo.

Basi nianzie wapi?

Anza na kujilinda. Fungua Start, "All Programs", "Accessories", "System Tools", kisha "System Restore", utengeneze alama ya kurudia. Hiyo ni njia ya XP; kwenye Windows 7 bofya kitufe cha kulia juu ya "Computer", chagua "Properties", "System protection", kisha "Create". Ukikosea, utairudisha mashine ilivyokuwa saa hiyo. Ni dakika mbili tu, na nimewahi kuona mtu akilipia siku nzima ya kazi ya fundi kwa kuziruka.

Kisha pitisha kipanya juu ya kila aikoni bila kubofya. Jina litajitokeza. Chukua karatasi na kalamu uandike majina yote. Nasisitiza karatasi kwa sababu baada ya kuzima na kuwasha mara tatu utakuwa umesahau ipi ulizima na ipi ulikuta imezimwa.

Baada ya hapo ifuate programu moja moja kwa mpangilio huu. Kama huitumii kabisa, isanidue: kwenye XP nenda "Control Panel" kisha "Add or Remove Programs", kwenye Windows 7 ni "Programs and Features". Kama unaitumia lakini si kila siku, ifungue yenyewe utafute kwenye mipangilio yake, mara nyingi "Options" au "Preferences", palipoandikwa ianze pamoja na Windows, uondoe tiki. Hizo mbili zikishindikana, ndipo uende kwenye msconfig, kifaa cha Windows chenye orodha ya vinavyoanza na mashine.

Watu wengi hukimbilia msconfig kwanza kwa sababu waliona fundi akiitumia. Mimi naiweka mwisho. Programu ikizimwa kutoka kwenye mipangilio yake inajua kwamba hutaki ianze. Ikizimwa kwa msconfig, yenyewe haina habari, na baadhi yake siku ukizifungua hujiandikisha upya. Wiki ya pili unakuta aikoni imerudi, unadhani ni kirusi.

Hiyo msconfig inatumikaje?

Bofya Start, kisha "Run" (kwenye Windows 7 unaandika moja kwa moja kwenye kisanduku cha kutafutia), andika msconfig, bonyeza Enter. Nenda kichupo cha "Startup". Utaona orodha yenye tiki. Kila tiki ni programu inayoanza mashine inapowaka. Ondoa tiki ya usiyoitaka, bofya "Apply", kisha "OK", uwashe mashine upya.

Panua safu ya "Command" kwa kuivuta pembeni, maana ndiyo inayokuambia ukweli. Jina la upande wa kushoto linaweza kuwa herufi nne zisizo na maana, lakini "Command" inaonyesha folda, na folda huwa na jina la kampuni au la programu.

XP ikiwaka tena italeta ujumbe kwamba umetumia kifaa hiki kubadilisha namna Windows inavyoanza. Hilo si kosa. Weka tiki ya kutouonyesha tena, bofya OK. Nimepigiwa simu nyingi usiku kwa ajili ya dirisha hilo moja.

Zima moja au mbili, washa upya, tumia mashine kwa siku nzima, ndipo uendelee. Ukizima kumi kwa mkupuo na sauti ikapotea, utajuaje ni ipi?

Majina hayo siyaelewi. Ipi niiguse, ipi niiache?

Hapa ndipo penye kazi, na nitakaa hapa kidogo. Nitataja zile ninazozikuta karibu kila mashine.

jusched.exe ni ya Java, inaulizia matoleo mapya. Siku hizi watu wachache wanahitaji Java kwenye kompyuta ya nyumbani. Kama hujui unaitumia wapi, isanidue Java yote. Kama kuna mfumo wa kazini unaoitaka, fungua "Control Panel", "Java", kichupo cha "Update", uondoe tiki ya kuulizia yenyewe, lakini ukumbuke kuisasisha kwa mkono, kwa sababu Java iliyochakaa ni mlango wa wezi.

qttask.exe ni ya QuickTime. Hii usiizime, iondoe kabisa. Apple iliacha kuitunza QuickTime ya Windows mwaka 2016, na serikali ya Marekani yenyewe ikashauri watu waisanidue kwa sababu ya matundu ya usalama yasiyozibwa. Video zako zitafunguka vizuri tu kwa VLC, programu nyingine ya kuchezea video.

reader_sl.exe ni ya Adobe Reader, kazi yake kuipakia mapema ili faili la PDF lifunguke haraka. Kwenye mashine yenye RAM ndogo faida haionekani, hasara inaonekana. Ondoa tiki. PDF zitafunguka kama kawaida. realsched.exe ni ya RealPlayer, na nayo iende.

igfxtray.exe na hkcmd.exe ni za kadi ya picha ya Intel. Ya kwanza ni aikoni ya kubadilishia ukubwa wa skrini, ya pili ni ya vitufe vya mkato. Kama huvitumii, zima zote mbili. Skrini haitaharibika, kwa sababu kinachoiendesha ni draiva, siyo aikoni.

RTHDCPL.exe ni paneli ya sauti ya Realtek. Hii fikiria kidogo. Kwenye mashine nyingi ukiizima sauti inabaki, lakini kwenye nyingine ndiyo inayotambua kwamba umechomeka earphone za mbele. Ijaribu kwa siku moja. Kama spika zinaendelea kulia ukiwa umechomeka earphone, irudishe.

SynTPEnh.exe ni ya padi ya kugusa ya laptop, kampuni ya Synaptics. Iache. Ukiizima, padi itaendelea kusogeza mshale lakini unaweza kupoteza kuteleza kurasa kwa kidole pembeni, na watu hudhani padi imekufa.

hpqtra08.exe na jamaa zake ni za printa za HP. Kuchapa hakuitegemei aikoni hiyo kwenye mashine nyingi, ila kuskani kwa kubonyeza kitufe kilicho juu ya printa kunaweza kuitegemea. Steshenari wanaoskani vitambulisho kutwa nawaambia waiache.

Antivairasi, kwa jina lolote lile, iache. Na kama ziko mbili, hiyo ndiyo shida yako kubwa kuliko aikoni zote: zinakaguana, zinagombania kila faili. Chagua moja, nyingine uisanidue.

Nina modemu ya USB, na kila nilipobadilisha mtandao nilisakinisha programu yake. Sasa ziko tatu.

Hili ni letu kabisa. Modemu za USB hubeba programu yake ndani. Ukichomeka tu, inajisakinisha. Mtu akihama mtandao ananunua modemu nyingine, na ile ya zamani inabaki pembeni ya saa ikingoja modemu ambayo iko droo ya mtu mwingine. Mbaya zaidi, programu mbili zinaweza kugombania mlango mmoja wa modemu, nawe unaona ujumbe kwamba kifaa hakipatikani wakati umekichomeka.

Sanidua za zamani zote, ubaki na ya modemu unayoitumia leo. Usianze na hiyo ya leo! Mama mmoja mwenye steshenari alisafisha zote kwa bidii, akakosa intaneti ya kupakulia ile aliyoifuta. Kwa bahati programu huwa imo ndani ya modemu yenyewe: alipofungua "My Computer" aliiona kama CD, akaisakinisha tena.

Kama programu ya modemu ni nzito na mashine ni dhaifu, Windows inaweza kupiga yenyewe. Acha draiva zilizosakinishwa, tengeneza muunganisho mpya wa "Dial-up", chagua modemu yako, na kwenye nafasi ya namba andika *99#. Jina na nywila mara nyingi huachwa wazi. Baadhi ya mitandao inataka pia uandike APN, yaani jina la lango la intaneti la mtandao huo, kwenye mipangilio ya modemu, kwa hiyo inakili kutoka kwenye programu ya zamani kabla hujaiondoa.

Kuna aikoni inatoweka nikipitisha kipanya juu yake. Ni kirusi?

Siyo. Programu inapofungwa vizuri huiambia Windows: ondoa aikoni yangu. Ikifa ghafla, au ukiiua kwenye Task Manager, haisemi kitu. Windows inaendelea kuonyesha kibao mpaka kipanya kinapopita, ndipo inaulizia mwenyewe na kukuta hayupo. Haina madhara. Ila programu ile ile ikifanya hivyo kila siku, ujue inaanguka kila siku, na hilo lina haja ya kushughulikiwa.

Programu niliisanidua mwaka juzi, lakini jina lake bado lipo kwenye orodha ya "Customize".

Hapo hakuna duka wala wauzaji, ni jina lililobaki kwenye daftari. Windows hukumbuka kila aikoni iliyowahi kupita. Kompyuta haielemewi na hilo, lakini orodha ndefu inachosha na wakati mwingine daftari hilo likichafuka ndilo linalofanya aikoni za sauti au betri zikatae kuonekana.

Kulisafisha kunahitaji kuingia kwenye sajili ya Windows, pale mfumo unapotunza mipangilio yake yote, kwa hiyo nenda taratibu. Fungua "Run", andika regedit. Kwenye XP fuata njia hii:

HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\TrayNotify

Kwenye Windows 7 ni hii:

HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes\Local Settings\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\TrayNotify

Ukifika, bofya "File", "Export", uhifadhi nakala kwenye flashi. Upande wa kulia utaona IconStreams na PastIconsStream. Futa hizo mbili tu. Sasa fungua Task Manager, kichupo cha "Processes", chagua explorer.exe, bofya "End Process". Upau wa chini na picha zote za skrini zitatoweka, usiogope. Bado kwenye Task Manager, bofya "File", kisha "New Task", andika explorer, bonyeza Enter. Kila kitu kitarudi na daftari likiwa jeupe. Usitumie "Log Off" badala yake, kwa sababu Explorer ikifungwa kwa utaratibu huandika tena ile orodha ya zamani.

Ngao nyekundu ya XP inanisumbua. Niiondoeje?

Ilikuja na Service Pack 2, furushi kubwa la masasisho ya XP, mwaka 2004, na inakuambia mojawapo ya mambo matatu: ukuta wa moto umezimwa, masasisho ya Windows yamezimwa, au haioni antivairasi. Soma kwanza inasema nini. Kama ni ukuta wa moto, uwashe. Kama ni antivairasi, tafuta moja.

Kuhusu masasisho, Microsoft iliacha kuitunza XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kwa hiyo kama umeyazima kwa makusudi, unaweza kufungua "Security Center", bofya "Change the way Security Center alerts me", uondoe tiki ya masasisho peke yake. Zile mbili nyingine ziache zipige kelele. Na nakuomba kwa dhati, mashine ya XP usifanyie mambo ya benki wala kuingiza nywila ya pesa zako. Itumie kuchapa, kuhifadhi, kufundishia watoto kuandika.

Kwenye Windows 7 kazi hiyo inafanywa na kibendera cheupe kinachoitwa "Action Center", na utaratibu wake ni kama huo.

Yangu ni ngao pia, lakini inasema nina virusi mamia na inataka nilipe ili iviondoe.

Simama hapo. Usilipe, usibofye, usiingize namba ya kadi. Huo wenyewe ndio wizi. Programu za namna hii zilienea sana enzi za XP, zikijivika majina kama Antivirus XP 2008 na ngao iliyofanana na ya Microsoft. Hakuna antivairasi ya kweli inayohesabu virusi mia tatu ndani ya sekunde kumi na kisha kutaja bei.

Chomoa intaneti. Zima mashine, iwashe huku ukigongagonga kitufe cha F8, chagua "Safe Mode". Humo programu nyingi za chinichini haziamki, kwa hiyo mwizi naye mara nyingi hulala. Fungua msconfig uangalie anaanzia folda gani, ondoa tiki. Kisha tafuta kompyuta safi, pakua kifaa cha kusafishia cha kampuni inayojulikana, ukilete kwa flashi. Flashi hiyo usiirudishe kwenye mashine nyingine kabla haijakaguliwa, maana virusi vingi vya kwetu vimesafiri kwa flashi kuliko kwa intaneti.

Kuna herufi EN, na kibao cha vitufe kinachanganya alama.

Hiyo ni aikoni ya lugha, na nyuma yake kwenye XP yuko ctfmon.exe. Kompyuta nyingi za mitumba kutoka Uingereza zina mipangilio miwili ya vitufe, ya Uingereza na ya Marekani. Ukibonyeza mkato wa kubadilisha bila kujua, @ na alama ya kunukuu zinabadilishana nafasi. Mtu anaandika barua pepe, @ haitoki, anakuja dukani kununua kibodi mpya!

Nenda "Control Panel", "Regional and Language Options", kichupo cha "Languages", bofya "Details". Baki na mpangilio unaolingana na kibodi iliyo mbele yako, mwingine uondoe. Ikibaki moja, aikoni mara nyingi huondoka yenyewe. Isipoondoka, bofya kitufe cha kulia juu ya upau wa chini, "Toolbars", uondoe tiki ya "Language bar". Usiifute ctfmon.exe kwenye diski; Office huirudisha.

Ukikuta kompyuta yote iko kwa Kijerumani au Kiholanzi, mpangilio wa madirisha ni ule ule. Fuata nafasi ya kitufe, usifuate neno.

Nimesafisha, sasa aikoni ya sauti nayo imepotea.

XP: "Control Panel", "Sounds and Audio Devices", weka tiki kwenye "Place volume icon in the taskbar". Windows 7: kishale, "Customize", "Turn system icons on or off", uiwashe. Kama kisanduku kimefifia hakibofyeki, safisha lile daftari la TrayNotify nililolieleza juu.

Ya betri kwenye XP iko "Power Options", kichupo cha "Advanced".

Kuna nembo ya Windows nyeupe inayonitaka niende Windows 10.

Ilipelekwa kwenye mashine za Windows 7 na 8.1 mwaka 2015 kupitia sasisho namba KB3035583, na programu yake inaitwa GWX.exe. Ofa ile ya bure iliisha tarehe 29 Julai 2016. Nembo ikiwa bado ipo, nenda "Programs and Features", "View installed updates", tafuta namba hiyo, isanidue, uwashe upya.

Ile ya kuchomolea flashi niiondoe?

Iache, na uitumie. Inahakikisha kilichokuwa kinaandikwa kimemaliza kuandikwa. Mafaili ya wanafunzi wa chuo niliyoshindwa kuyaokoa, mengi yaliharibika kwa flashi kuchomolewa juu kwa juu.

Naendesha kafe ya intaneti. Wateja wanabofya kila kitu pale pembeni. Naweza kuficha eneo zima?

Unaweza, saa ikabaki. Kwenye XP Professional na Windows 7 Professional, fungua gpedit.msc, nenda "User Configuration", "Administrative Templates", "Start Menu and Taskbar", uwashe "Hide the notification area". XP Home haina gpedit. Humo unaingia kwenye sajili, HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\Explorer, unatengeneza DWORD (thamani ya namba) yenye jina NoTrayItemsDisplay na thamani 1. Njia hiyo ya sajili ifanye kwenye akaunti ya wateja tu, maana mpangilio wa gpedit hugusa akaunti zote za mashine. Akaunti yako ya msimamizi iache wazi, ili asubuhi ukifungua uone antivairasi iko macho.

Nifanyeje zisirudi?

Unaposakinisha programu, usichague "Express" wala "Recommended". Chagua "Custom", soma kila ukurasa, ondoa tiki za vitu vya ziada. Zinarudi kwa sababu ya kubofya Next, Next, Next.

Na mara moja kwa mwezi fungua msconfig ulinganishe na ile karatasi yako. Ukitaka jicho kali zaidi, ipo Autoruns ya Sysinternals, kikundi kilichonunuliwa na Microsoft mwaka 2006. Haisakinishwi, unaifungua tu, ila kwa XP tafuta toleo la zamani. Inaonyesha kila kinachoanza na mashine, pamoja na vile msconfig isivyovitaja. Washa chaguo la kuficha vitu vya Microsoft kwanza, usije ukagusa mhimili wa nyumba. Mistari ya njano ni ya programu ambazo faili lake halipo tena, na hiyo unaweza kuiondoa tiki kwa amani. Usifute, ondoa tiki tu, kisha uiandike kwenye karatasi.

Karatasi yenyewe ibandike ndani ya mlango wa kabati la kompyuta, au chini ya laptop kwa gundi ya karatasi. Fundi atakayekuja baada yangu ataanza na hiyo.